Msimu Nilioendesha Basi la Rameez

Jumatatu, 1 Septemba 2014. Weston.

Itangazwe kwa wote, wanaosoma na wasiopenda kusoma, kwamba kuanzia leo chupa ya chai ya familia, ile nyekundu yenye kifuniko kilichopasuka, imehamishwa rasmi kutoka kabati la jikoni kwenda basi la timu ya mpira ya chuo, ambako itakaa chini ya kiti cha dereva kwa msimu mzima. Mke wangu Razia amepinga. Pingamizi lake limesikilizwa na kutupwa.

Dereva ni mimi, Nazarali, mzaliwa wa Singida, mkazi wa Weston, hapa Toronto. Nimebeba abiria na mabegi yao kati ya uwanja wa ndege na hoteli za Malton mpaka goti langu la kulia likaomba kustaafu kabla yangu. Leseni ya abiria bado iko hai. Chuo kina basi dogo na hakina dereva wa kujitolea. Kocha ana baba.

Kocha ni Rameez, mwanangu, miaka ishirini na saba. Kusema kweli ni kaimu. Kocha mwenyewe, Bwana Kessler, alipata kazi Calgary mwezi wa nane, akaondoka na mkewe, mbwa na filimbi ya timu. Chuo kimempa Rameez, aliyekuwa msaidizi wake, msimu mmoja wa kujionyesha. Mwezi wa kumi na moja wataamua kama wanamtaka moja kwa moja.

Nyumbani nako tumepatana, mbele ya mama yake. Akiipata hiyo kazi, mimi sisemi neno tena maishani. Akiikosa, anaachana na mpira na kwenda kukaa kwenye meza aliyowekewa na shemeji yake Moez, mume wa binti yetu Rida, katika ofisi ya mizigo kule Malton. Meza iko tayari. Imeshatundikiwa hata kalenda.

Razia husoma Kigujarati, watoto husoma Kiingereza, ndiyo maana mimi huandika Kiswahili. Kwa hiyo naweza kuandika hili: nimejitolea kuendesha basi ili niwe karibu siku mpira utakapomshinda, nimrudishe nyumbani mwenyewe.

Jumamosi, 6 Septemba.

Mechi ya kwanza, uwanja wetu wa Downsview. Tumefungwa tatu bila. Chai ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 8 Septemba.

Nimemchunguza kocha akiwa kazini. Anasimama pembeni ya uwanja mikono nyuma, kimya, kama mtu anayesubiri nguo zake kwa dobi. Shuleni kwetu Singida tulikuwa na Mwalimu Bahadur, ambaye dakika ya kumi alikuwa ameshavua kiatu kimoja na kumrushia beki. Kipindi cha pili alimalizia peku. Ule ulikuwa ukocha. Nikamwambia Rameez leo, "Piga kelele kidogo, watu wajue kuna mwenye timu."

Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kama redio ya jirani. Alisema kwamba mchezaji aliyezoea kelele hafikiri, anasubiri kelele nyingine. Jibu la mtu aliyesoma kitabu. Nilikunywa chai.

Jumamosi, 13 Septemba.

Ugenini. Sare, moja kwa moja.

Katika basi kuna utawala wa muziki, na mtawala ni kapteni, Leonce. Kijana wa Bukavu, mrefu, anakaa jengo la tatu kutoka letu hapa Weston na mama yake. Hukaa kiti cha nyuma yangu ili afikie redio.

"Papa Nazar," aliniambia leo tukiwa barabara kuu, "weye unaendesha kama vile tunapeleka mayai."

"Nimebeba marubani miaka mingi, hakuna aliyelalamika."

"Marubani walikuwa wanalala, Papa."

Basi zima likacheka, hata wasiojua Kiswahili. Rameez naye alicheka, nikamwona kwenye kioo. Sijui lini nilimwona akicheka hivyo mezani kwetu.

Jumamosi, 20 Septemba.

Tumeshinda. Nilipiga honi mara moja, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 24 Septemba.

Kahawa Malton na Pyarali. Pyarali ni wa Tanga, Ismaili, rafiki yangu tangu siku ile tulipogombania mteja mmoja nje ya mlango wa kuwasili na mteja akapanda teksi ya mtu wa tatu. Ndege zinapita juu ya paa, kwa hiyo maongezi yetu yana mapengo.

"Nasikia umekuwa utingo wa mwanao," alisema.

"Dereva."

"Dereva analipwa."

"Najitolea."

"Watoto wa wenzako ni wafamasia, wahasibu, mmoja yuko benki. Wako anapuliza filimbi."

"Hana hata filimbi. Aliondoka nayo mwenzake."

Ndege ikapita. Ilipokwisha, nikajikuta nimeshasema kwamba timu iko nafasi ya tano na inacheza vizuri upande wa kushoto. Pyarali akaniangalia juu ya kikombe, akasubiri ndege nyingine ipite. Yeye ni mtu wa adabu anapotaka.

Jumamosi, 27 Septemba.

Leo niliona ujinga, na jioni sina hakika tena kama ulikuwa ujinga.

Sheria ya timu inasema asiyehudhuria mazoezi hachezi. Leonce alikosa mara mbili wiki hii kwa sababu hufunga maboksi katika ghala moja Downsview na wamembadilishia zamu. Kila mtu alijua Rameez atafumba jicho, maana bila Leonce timu yetu ni mkusanyiko wa vijana wenye jezi. Hakufumba. Leonce alikaa benchi. Tumefungwa mbili moja, na mkurugenzi wa michezo, Bwana Doyle, alikuwa amesimama pale pale na chipsi zake akitazama.

Lakini Rameez hakusimama leo. Alikaa benchi, ubavuni kwa Leonce, mechi nzima. Wakawa wanazungumza kwa sauti ya chini, yule anamwonyesha huyu kwa kidole nani amechelewa kurudi, huyu anaitikia. Mwishoni sikujua nani anamfundisha nani.

Kwenye basi Rameez akatangaza kwamba mazoezi yanahamia saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu, ili mwenye kazi aweze kuja. Vijana wakaguna. Hakuna aliyemuuliza dereva.

Jumanne, 30 Septemba.

Saa kumi na mbili asubuhi Downsview ni giza, baridi na malori. Walikuja wote.

Jumapili, 5 Oktoba. Njiani, Sudbury.

Idi ya kuchinja imetukuta safarini. Misikiti ya Toronto imegawanyika kama kawaida yake, wengine jana, wengine leo, wengine wanafikiria. Tuliswali nyuma ya kituo cha mafuta: mimi, Rameez, na golikipa wetu ambaye ni Mwaljeria. Wengine walikaa kwenye basi, muziki wameuzima bila kuambiwa. Tulipomaliza Leonce alishuka na masanduku mawili ya donati, akaweka juu ya boneti kama sinia.

"Idi njema, Papa. Mbuzi hakupatikana."

Mechi tumeshinda. Nimempigia Razia. Akauliza tumekula nini. Nikasema mbuzi.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Sikukuu yao ya bata mzinga. Mazoezi yapo. Bwana Doyle alipita na mbwa wake. Ni mtu mpole, ana uso wa mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo bado hajalitenda. Akasimama nami karibu na basi, tukaongea habari za watu wasiokuwepo, kama inavyopasa. Alisema anaongea na Bwana Kessler mara kwa mara. Calgary ni kukavu sana, mkewe anatokwa damu puani.

Nikamwambia apake mafuta ya nazi ndani ya pua, usiku na asubuhi. Doyle akacheka, akaandika kwenye simu.

Kisha akatazama uwanjani, akasema, "Mwanao anapendwa na hawa vijana." Nilitaka kusema najua. Nilichosema ni kwamba mbwa wake ana afya.

Jumamosi, 18 Oktoba.

Mechi ya mwisho ya ligi, tumeshinda mbili bila. Tumeingia nusu fainali. Razia alipika pilau, akadai ilikuwa imepangwa tangu zamani.

Jumanne, 21 Oktoba.

Moez amepiga simu kuuliza Rameez anaanza lini ofisini. Nikamwambia msimu haujaisha. Akasema, "Lakini Bapa, si ulisema atashindwa mwezi wa tisa?" Nilisema mtandao unakatika.

Jumamosi, 25 Oktoba.

Nusu fainali. Moja bila, dakika za mwisho, kwa kona. Vijana walilaliana juu ya golikipa kama magunia.

Tulipofika Weston jua limezama na simu zinalia: Muharram imeingia. Nilizima redio ya basi palepale. Leonce akainama mbele.

"Papa, imeharibika?"

"Haijaharibika. Sisi Mashia tumeingia kwenye msiba. Siku kumi hizi hatusikilizi muziki, hatuvai rangi, hatufanyi sherehe."

"Nani alikufa?"

Nikamweleza kwa muda wa taa mbili nyekundu za barabarani: mjukuu wa Mtume, jangwani, na watoto wake na ndugu zake na wenzake, wamezuiliwa maji, jeshi zima mbele yao, wangeweza kuokoka kwa kusema neno moja na hawakulisema. Hakuuliza ni lini. Aliuliza kama watoto nao waliuawa. Nikasema nao.

"Na kocha naye analia?"

"Analia tangu ana miaka minne. Mimi ndiye nilikuwa namshika mkono."

Leonce akarudi kwenye kiti chake. "Kwetu Bukavu," alisema, "kama mutu iko na matanga, hata jirani anazima muziki."

Jumatatu, 27 Oktoba.

Majlisi, kikao chetu cha maombolezo msikitini. Rameez alifika akiwa na shati jeusi na tope kwenye suruali, akakaa nyuma kabisa, penye viatu.

Jumanne, 28 Oktoba.

Majlisi. Penye viatu.

Alhamisi, 30 Oktoba.

Alimohamed, wa kamati ya msikiti, alinivuta pembeni. "Nazar, kijana wako ana fainali Jumamosi? Katika siku hizi? Watu wanaongea."

Miezi miwili iliyopita maneno hayo ningeyasema mimi, tena kwa sauti kubwa zaidi. Nikamwambia: "Kijana wangu hakupanga tarehe. Na wewe mwanao wa benki, kesho anafunga benki?"

Hatujaongea tena. Nyaz, chakula kinachogawiwa baada ya majlisi, ilikuwa na chumvi kidogo.

Jumamosi, 1 Novemba.

Nitaandika polepole.

Fainali ilichezwa ugenini, mwendo wa saa moja na zaidi, theluji ya kwanza ikianguka ile yenye maji, ambayo haiamui kama ni mvua. Ndani ya basi hakuna aliyeniomba redio. Nilidhani ni woga. Tulipofika, wakiwa wanashuka mmoja mmoja, nikaona kila mmoja amezungusha utepe mweusi mkononi, ule wa kufungia soksi. Golikipa. Mabeki. Yule mfupi wa Brampton ambaye husali kwa Kihindi kabla ya penalti. Leonce alishuka wa mwisho.

"Nani kakwambieni?" nikamuuliza.

"Niliwaambia kocha iko na matanga. Wakasema bon, basi na sisi."

Rameez alikuwa ameshasimama uwanjani na koti lake jeusi. Alipowaona wanakuja na tepe zao aliinama. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakina kamba.

Mechi yenyewe siwezi kuieleza vizuri, goti liliuma na miwani ilijaa maji. Wenzetu walikuwa wakubwa kuliko sisi na wenye kelele. Kocha wao alirusha kofia, nikamkumbuka Mwalimu Bahadur, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Mwalimu Bahadur katika miaka yote ile hakuwahi kutufikisha popote. Rameez mikono nyuma. Mara moja tu aliita jina, la beki wa kushoto, kwa sauti ya kawaida, na yule akageuka kana kwamba ameguswa bega, akamwona mtu aliyekuwa anamnyemelea.

Kipindi cha pili, wakati sote tumeshajiandaa kwa muda wa nyongeza, ikapigwa krosi kutoka kushoto. Leonce akaruka. Mpira ukaingia kwenye kona ya goli.

Nimeona magoli mengi msimu huu na najua yanayofuata: wanakimbia, wanavua jezi, wanateleza kwa magoti. Leo Leonce alitua chini, akaweka kiganja kifuani, akageuka, akaanza kutembea kurudi kati. Wengine wakamfuata, wakitembea vilevile, viganja vifuani, kimya, katika ile theluji ya maji. Watazamaji wao walikuwa wamenyamaza kwa kufungwa, wetu wakanyamaza kwa kutoelewa, na kwa muda uwanjani kote ilisikika barabara kuu tu. Nimehudhuria majlisi tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Sikumbuki nyingi zilizokuwa kama ile.

Filimbi ya mwisho, kombe, picha. Kwenye picha wote wamesimama wima kama watu wa pasipoti.

Hapo ndipo Bwana Doyle alinijia, safari hii hana chipsi.

"Bwana Nazarali," alisema, "vijana wameniambia. Mmefiwa katika familia."

Sasa mimi ningefanyaje? Siku hizi sisi wenyewe tukikutana mlangoni tunapeana pole. Mtu akikupa pole, unaipokea. Tangu nizaliwe sijawahi kujibu pole ya Muharram kwa kusema hapana, hatujafiwa.

"Ndiyo," nikasema. "Ahsante."

"Mtu wa karibu?"

"Karibu sana."

"Rameez ameumia?"

"Sote."

"Mazishi lini?"

Nikafikiria matembezi ya Ashura, jeneza la mfano linalobebwa mabegani, watu peku. "Jumanne," nikasema.

Akaniwekea mkono begani, uso wake ule wa kuomba radhi umejaa kabisa. "Mwambie asiwaze kitu kuhusu Jumanne. Nitashughulikia mwenyewe."

Nikamshukuru. Nilimwona mtu mwema sana. Naandika hivyo na bado naamini.

Tulirudi taratibu. Kombe lilikaa kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda.

Jumatatu, 3 Novemba.

Nimejua Jumanne ni nini.

Rameez alirudi kutoka chuoni mchana, akakaa mezani bila kuvua koti. Razia alimtazama, kisha akanitazama, na nikajua kuna jambo ambalo wawili hawa wanalijua na mimi silijui. Mahojiano ya kazi yalikuwa kesho asubuhi. Walimpa tarehe wiki mbili zilizopita. Doyle amemwita leo, amempa mkono wa pole, amemwambia asije, asiwaze, azike kwanza. Kamati itakutana kesho hiyohiyo na kuamua kwa yale inayoyajua. Rameez alipouliza kuzika nani, Doyle alisema amezungumza na mimi.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Kwa sababu ungesema," alisema Razia.

"Ningesema nini?"

"Ungesema Ashura haifanyiwi mahojiano, Baba Rameez. Ungesema mwanao anauza dini kwa mpira. Ungesema mbele ya watu."

"Nisingesema."

"Mwaka juzi siku kama hiyo ulinikataza kwenda kwa daktari wa meno."

Nikamuuliza Rameez alikusudia nini. Alisema alikusudia kwenda mahojiano saa tatu, na shati lake jeusi, kisha anikute kwenye matembezi saa sita, na mimi nisijue. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, bila hasira. Ingekuwa afadhali arushe kiatu.

Nilisema nitampigia Doyle. Akasema, "Utamwambia nini? Kwamba hatujafiwa?"

Nilikaa na simu mkononi. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa ama uongo, ama yananikanusha mimi na baba yangu. Sikupiga.

Jumanne, 4 Novemba. Ashura.

Tulitembea. Baridi, jua bila joto, polisi wawili wa trafiki wamesimamisha magari kwa heshima. Watoto waligawa maji kwenye vikombe vya karatasi. Alimohamed alipita, akanipa pole, nikampa pole.

Rameez aliingia chini ya jeneza upande wa kushoto. Saa tatu ilikuwa imeshapita kitambo. Nilikuwa nyuma yake nikitazama nyayo zake juu ya lami, na nilikuwa nalia, na sitaandika kwamba nilikuwa namlilia nani, kwa kuwa sikuweza kutenganisha.

Baadaye tulikaa ukingoni mwa barabara tukifuta miguu. Nikamwambia nimemharibia maisha.

Akajibu kwa Kiswahili. Si changu, si cha Singida. Kiswahili alichookota kwenye basi.

"Bapa, weye ulisema kweli. Iko sawa."

"Ningefafanua kidogo."

"Ungefafanua," alisema, na akacheka kwa pua.

Jumatano, 5 Novemba.

Nimekwenda chuoni peke yangu, na koti la Ijumaa. Bwana Doyle alinipa kiti.

"Bwana Doyle, kuhusu yule aliyefariki."

"Poleni tena."

"Alifariki siku nyingi."

"Siku nyingi kiasi gani?"

"Mwaka mia sita na themanini."

Nilimwona akilifikiria. Kwanza alidhani Kiingereza changu kimeteleza. Kisha akaelewa kwamba hakikuteleza.

"Na bado mnalia," alisema.

"Kila mwaka."

Akageukia dirisha. Uwanja ulikuwa mtupu, Rameez peke yake anaokota koni. "Baba yangu alifariki mwaka juzi," alisema Doyle. "Nilipewa siku tatu. Ya nne nilikuwa hapa, nikihesabu mipira." Akanigeukia tena. "Wale vijana walipotembea kurudi kati, nilidhani ni mtu aliyefariki Ijumaa."

Nikamwomba kamati imsikilize Rameez, hata kwa muda mfupi. Nikasema kosa ni langu, kwamba nilimjibu kama ninavyojibu nyumbani. Nilisema mambo mengine ambayo sijawahi kumwambia Rameez: kwamba hapigi kelele na wanamsikia, kwamba alikaa benchi, kwamba aliwahamishia mazoezi wenye zamu. Kiingereza changu ni cha mabegi na mageti, lakini nadhani kilifika.

Doyle alisikiliza yote. Kisha akasema uamuzi wao haukuhusu Jumanne.

"Ulihusu nini?"

"Itabidi nimwambie yeye kwanza," alisema. "Anastahili hilo."

Alhamisi, 6 Novemba.

Theluji ya kweli. Basi limesafishwa.

Jumamosi, 8 Novemba.

Asubuhi nilimpigia Moez, kabla ya kujua lolote. Nikamwambia kalenda aitundike kwenye meza ya mtu mwingine, kwamba mapatano ya nyumbani kwangu nimeyafuta mimi niliyeyaweka, Rameez apate kazi au akose. Moez akauliza kama niko mzima. Nikasema mtandao ni mzuri leo.

Rameez alikuja mchana, na Leonce nyuma yake amebeba chupa ya chai niliyoisahau chini ya kiti. Wakakaa. Razia akaleta chapati bila kuuliza kitu, ndivyo anavyouliza.

Kazi ameikosa. Wamempa nafasi ya msaidizi, ileile aliyokuwa nayo mwaka jana, naye ameikubali.

"Ni kwa sababu ya mahojiano?" nikauliza.

"Hapana, Bapa. Mahojiano walipanga kwa kuwa sheria inataka yapangwe."

"Na kombe?"

"Doyle anasema limewafurahisha."

"Basi ni nini? Nani kapewa?"

Rameez akamtazama Leonce, na Leonce akaitazama chapati.

"Bwana Kessler," alisema Rameez. "Anarudi. Mkewe hakuipenda Calgary."